Mwali wa Vuria

Kila jioni, giza likianza kuingia, mwali wa manjano ulichomoka kileleni mwa mlima Vuria, ukapanda wima hadi macho yakashindwa kuufuata. Ulitoka kwenye kurunzi-anga, mtambo uliopima joto la hewa ya juu kabisa, kule vimondo vinakoungua na kuacha majivu. Mwali uliyagusa majivu hayo, yakameremeta, na mmeremeto ulioonekana chini ukawaeleza wataalamu baridi ya huko juu ni kiasi gani. Mji mzima wa Mwatate uliuzoea. Watoto waliitwa kuoga kwa mwali ule, jamani, si kwa saa.

Mhandisi Wakesho aliuendesha mtambo huo tangu usichana wake hadi mvi. Siku alipopanda mlima mara ya kwanza, mama yake alilia. "Mashine za umeme mkubwa hivyo! Nitajuaje kama u mzima?"

Wakesho akacheka. "Nitaufanya mwali ukonyeze mara mbili kabla sijauacha uwake. Ukiona hivyo, ujue nimekula, nimeshiba."

Mama akaridhika, hata simu akaikataa. Ya nini, na mwanawe humsalimu kila jioni?

Kisha wakaja nyuki-anga, mashine ndogondogo zinazoizunguka dunia zikipima kila kitu bila kulala. Amri ikatoka kwamba kurunzi-anga izimwe. Wakesho aliijua mapema, lakini kumwambia mama alishindwa. Kila Jumapili alijisemea, wiki ijayo. We acha tu.

Siku yenyewe roboti walifika mchana, wakavifungua vioo alivyokuwa akivifuta kwa mikono yake, wakavitia kwenye makasha. Wakesho alilia waziwazi, hata roboti mmoja akamuuliza kama anavuja. Alipoinua macho, giza lilikwisha kuingia na mlima ulikuwa mweusi.

"Mungu wangu! Mama!"

Gari lilimteremsha mbio. Uani kwa mama viti vilishapangwa, sufuria ya chai ilikuwa motoni, na majirani walikuwa wameanza nyimbo za msiba. Jirani mmoja, Mzee Mwadime, alipomwona mhandisi akiingia langoni, alitupa kikombe akatimua mbio. Mama alikuwa chini mkekani, leso kichwani. Akampapasa mwanawe uso wote.

"Ni wewe, au wameniletea roboti?"

"Ni mimi, mama. Wameuzima mwali. Nilishindwa kukuambia."

Mama alimzaba kofi, kisha akamkumbatia, akalia mpaka majirani wakaanza kukusanya viti kimyakimya.

"Sina kazi tena mlimani," Wakesho alisema. "Nimerudi nyumbani. Sasa utaniona kila siku."

Kesho yake jioni, mama alitoa kigoda chake nje, akakaa akiutazama mlima. Wakesho akaja, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, hautawaka tena."

"Najua." Mama alimsukuma bega taratibu. "Hebu sogea kidogo, unanizibia."