Viglasi Vinane vya Dunja

Kila asubuhi, kabla Dunja hajamaliza kufunga kamba za viatu vya shule, Bibi Radojka alirudi kutoka chemchemi na dumu la maji, na nyumba nzima ikaanza kunuka mayai viza. Ndivyo yalivyonuka maji ya mji wao, tena yalitoka ardhini yakiwa vuguvugu kama mate. Wageni walikuja kutoka mbali kuyanywa, wakayasifu na kuondoka. Dunja, msichana wa miaka kumi na miwili aliyezaliwa palepale, aliyachukia kuliko adhabu.

Na sasa alitakiwa kuyanywa. Figo yake ya kushoto ilikuwa na jiwe dogo, na daktari aliagiza anywe maji desi kumi na sita kila siku kwa wiki mbili. Kwao maji, maziwa na mvinyo vyote hupimwa kwa desi, na desi kumi ni lita moja. Jiwe lisiposogea, Dunja angelazwa hospitali ya mkoa likatolewe kwa vyombo. Neno hilo "vyombo" lilimtisha kuliko jiwe lenyewe.

Bibi Radojka, kama bibi wote wa pale, akibembeleza hupunguza kila kitu. Supu huwa kisupu, mkate huwa kimkate.

"Glasi ni desi mbili," alihesabu kwa vidole. "Basi nane zinatosha. Haya, kipenzi changu, kunywa viglasi vyako vinane, na kila kimoja ukitie alama hapa."

Akabandika karatasi kwenye mlango wa friji, akaenda zake sokoni kuuza jibini.

Dunja alijaza glasi. Juu ya maji palielea utando wa kijivu. Alipiga funda moja, likashuka nusu, likapanda tena na ladha ya yai. Uchafu gani huu! Alitema kwenye sinki, machozi yakimlenga. Ndipo alipoviona viglasi vya rakija kabatini, vile ambavyo wazee hunywea pombe yao kali ya plamu. Mji mzima uliviita hivyohivyo, viglasi.

"Bibi kasema viglasi," alijiambia. "Nami ni mjukuu mtiifu."

Kwa siku nane alibana pua, akameza viglasi vinane, akatafuna sukari. Maji yaliyobaki aliyamwaga, na sinki likanuka vilevile. Karatasi ilijaa alama. Bibi akawaonyesha majirani kwa fahari.

Siku ya tisa maumivu yakamkunja Dunja mgongoni hadi akapiga magoti. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Bibi alimwita Sista Živka, muuguzi wa zahanati aliyekaa nyumba ya jirani, naye akanyanyua kopo la mkojo kwenye mwanga na kukunja uso.

"Huyu hanywi maji," alisema.

"Hanywi vipi, Sista? Tazama alama!"

"Dunja, niletee hicho unachonywea."

Dunja alitazama glasi kubwa. Angeweza kuichukua hiyo, na nani angejua? Lakini mgongo ulimchoma tena, akawaza vile vyombo, akaleta kiglasi cha rakija.

Bibi alishika kichwa. Sista Živka alikipokea. Alijaza kiglasi maji na kuyamimina kwenye glasi ya kawaida: mara moja, mbili, tatu, nne, ndipo glasi ikajaa.

"Hiki ni nusu desi," alisema. "Vinane ni desi nne. Umeagizwa kumi na sita, umekunywa robo."

"Bibi alisema viglasi!"

"Na maji mengine yalikwenda wapi?"

"Niliyamwaga."

"Kama uliamini umetii, uliyamwagia nini?"

Uso wa Dunja uliwaka kwa aibu, kisha akaangua kilio. "Yananuka, Sista! Yananitia kinyaa, nikimeza yanarudi yenyewe. Ningesema, mngenilazimisha!"

"Nani kasema lazima yawe ya chemchemi? Daktari kaandika maji, basi." Sista Živka akamgeukia Bibi. "Wewe mwenyewe unayanywa?"

"Mimi?" Bibi alikohoa. "Mungu apishe mbali, mwanangu. Yananuka yale."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Dunja alibahatika kuumbuliwa mapema. Tangu siku hiyo alikunywa maji ya bomba yenye kipande cha limau, na karatasini aliandika desi badala ya alama. Alikojolea kopo, na Bibi akauchuja mkojo kwa kichujio chake cha chai huku amegeuza uso. Wiki ya pili haijaisha, kitu kikagonga waya wa kichujio. Kilikuwa kijiwe cha kahawia, kidogo kama punje ya mtama. Bibi alikitazama, akabusu kichwa cha mjukuu wake, kisha akakitupa kichujio jaani.

Sista Živka alikuja jioni kukiona kijiwe.

"Kinyaa si kosa, Dunja," alisema. "Kila mtu ana kinachomchefua. Ukisema, wakubwa watakutafutia njia nyingine. Kosa ni kutia alama za desi kumi na sita ulipokunywa nne. Bibi yako ulimdanganya, na majirani pia. Lakini figo hazisomi karatasi, mwanangu. Zinajua kilichopita kooni tu."