Kiberiti Kilichofungwa kwa Kamba

Hadithi hii ni nzuri kuliko hadithi zote ulizowahi kusoma. Na kama ndiyo ya kwanza kuisoma, basi imeshinda bila kushindana, kwa hiyo sifa tuzipunguze kidogo.

Palikuwa na bibi mmoja mwenye kibanda karibu na shule. Aliuza sabuni, chumvi, biskuti na sigara. Alichaji pia simu za watu. Sigara aliziuza moja moja, na kwenye dirisha la kibanda alining'iniza kiberiti cha gesi kwa kamba, ili mnunuzi awashe hapo hapo. Ndiyo maana watu walimwita Bibi Kiberiti.

Kamba ile ilikuwa na hila yake. Ilikuwa fupi. Mtu aliinama kuwasha, na akiinama aliliona benchi lililokuwa chini ya dirisha. Akiliona alikaa. Akikaa alipiga soga mpaka sigara iishe. Bibi Kiberiti alikuwa mjane. Watoto wake walikuwa mbali, na walipopiga simu walianza kuaga kabla hawajamaliza kusalimia. Faida ya sigara ilikuwa ndogo. Alichokitaka yeye ni maneno.

Mteja wake mkubwa alikuwa Fundi Viatu, mwenye kijiwe ng'ambo ya barabara. Alipokuwa kazini alibana misumari midogo mdomoni. Alipopumzika aliitoa misumari, akatia sigara.

"Bibi, leo umependeza. Unaolewa nini?" aliuliza siku moja, misumari ikiwa bado mdomoni.

"Niolewe na nani? Na wewe? Ukinibusu nitatoboka."

Fundi alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika benchi. Bibi alimpa maji. Kikohozi kile alikuwa amekizoea, kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Nyumbani Bibi aliishi na mjukuu wake, msichana wa sekondari. Kwa utani alimwita mke mwenzangu. Zamani walikula pamoja na kucheka pamoja. Siku hizi msichana alikula haraka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Bibi alibaki mezani na sahani mbili na sauti ya redio.

Chini ya mlango ule ilipita harufu tamu ya matunda.

"Mke mwenzangu, umeanza kujipulizia manukato. Ni nani huyo anayenusa?"

"Hakuna, Bibi. Ni hii kalamu ya kunusa. Inafungua pua mtu anaposoma."

Kilikuwa kitu kinene, cha rangi ya waridi, chenye tundu la waya wa kuchajia. Bibi alifurahi. Mtoto anasoma! Asubuhi akaipeleka kibandani, akaichaji pamoja na simu. Wanafunzi wengine wakaona, nao wakaleta zao. Bibi akazipanga kwenye rafu, ya kijani, ya bluu, ya zambarau. Rafu ilipendeza kama ya duka la maua.

Siku aliyobanwa na mafua, Bibi mwenyewe aliivuta ile ya waridi. Alikohoa mpaka kilemba kikamwanguka. Akasema moyoni, "Kweli ni dawa. Kali hivi!"

Basi ikatokea kwamba mhudumu wa afya wa mtaa alipita kibandani kuchaji simu yake. Fundi Viatu alikuwa amekaa kwenye benchi, anavuta. Mhudumu alitazama rafu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Lete simu."

"Bibi, hivi vitu ni vya nani?"

"Vya watoto wa shule. Kalamu za kunusa. Hiyo ya waridi ni ya mjukuu wangu."

"Bibi yangu, hizi si kalamu. Ni sigara za umeme."

Fundi aliangua kicheko. Bibi hakucheka.

"Sigara gani haina moshi?" aliuliza.

"Inatoa mvuke. Ndani mna maji yenye ladha, na mara nyingi yana nikotini. Hiyo nikotini ndiyo inayomshika mvutaji, akitaka kuacha asiweze."

"Lakini si afadhali kuliko hii yangu?" Fundi aliinua sigara yake.

"Kwa mtu mzima anayevuta, sumu zake huenda zikawa chache kuliko za sigara. Chache, mzee wangu, sikusema hakuna. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuvuta kabisa, huyo afadhali yake iko wapi? Ubongo wake bado unakua. Nikotini inamshika upesi. Akiikosa anakasirika, kichwa kinauma, masomo hayaingii. Na hiyo yako, inakuumiza wewe na inamuumiza Bibi anayevuta moshi wako hapa kila siku."

Kisha akawaambia habari nyingine. Baraza la mji lilitaka kutunga sheria. Sigara zisiuzwe moja moja, kwa sababu mtoto hawezi kununua pakiti lakini moja anaimudu. Zisiuzwe karibu na shule. Sigara za umeme zisiuzwe kwa watoto, wala zisitiwe ladha za peremende. Watu waliitwa mkutanoni watoe maoni.

"Waniache na mapafu yangu!" alisema Fundi. "Kwani wao ndio wanaonipumulia?"

Jioni Bibi aliiweka ile kalamu ya waridi mezani, katikati ya sahani mbili. Msichana aliiona, akaanza kulia.

"Rafiki zangu wote wanayo, Bibi. Waliniambia ni matunda tu. Sasa nikikaa bila hiyo kichwa kinaniuma. Nimejaribu kuacha. Nimeshindwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ndiye uliyekuwa unanichajia."

Bibi Kiberiti alisogeza kiti, akakaa karibu naye.

Kesho yake walikwenda pamoja kliniki. Mshauri hakumkemea msichana. Alimweleza hamu ya nikotini inavyopanda na kushuka. Ikipanda, anywe maji, atembee, aongee na mtu. "Asiachwe peke yake," mshauri alimwambia Bibi. Bibi aliitikia kwa kichwa. Kuachwa peke yake alikujua mwenyewe.

Siku ya mkutano, uwanja wa shule ulijaa. Baba mmoja alisema nyumbani kwake anavuta atakavyo. Mwenye duka alisema sheria itamnyima riziki. Mwalimu alisema chooni kwa wavulana kunanuka maembe, na hakuna mwembe. Watu wakacheka. Fundi Viatu alisimama akasema mtu mzima haongozwi kama ng'ombe. Wengi wakampigia makofi.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine. Bibi Kiberiti alikaa kwanza. Alijua akisema, benchi lake litabaki tupu. Kisha akasimama.

"Mimi nauza sigara moja moja," alisema. "Kamba ya kiberiti changu ni fupi. Niliikata fupi makusudi, ili watu wakae na mimi. Nilikuwa mpweke. Na nikiwa kibandani natafuta watu wa kuongea nao, mjukuu wangu alikuwa chumbani peke yake na kile kitu. Mtu mzima na avute kwake, sitamfuata. Lakini mtoto asiuziwe. Sheria ipite."

Fundi Viatu aliinuka, akaondoka bila kumtazama.

Bibi hakungoja sheria. Alirudi kibandani, akaikata kamba kwa mkasi. Kalamu za wanafunzi akaziweka kwenye mfuko, akampa mhudumu ili wazazi waitwe. Sigara zote akaziondoa.

Benchi likawa tupu kweli. Walionunua sabuni walichukua sabuni wakaenda zao. Bibi alilifuta vumbi benchi, akalifuta tena. Alimimina chai vikombe viwili, akanywa chake, kisha akanywa na cha mgeni. Ng'ambo ya barabara Fundi Viatu aligonga misumari, ameinamisha kichwa. Hakuvuka.

Lakini jioni mlango wa chumbani ulianza kubaki wazi. Hamu ikipanda, msichana alitoka, akasema, "Bibi, twende tutembee." Wakatembea. Mara nyingine alikasirika bure, mara nyingine alilia. Polepole kichwa kikaacha kumuuma. Akaanza tena kula taratibu, na kumtania bibi yake mezani. Sheria nayo ikapita.

Siku moja mchana, kivuli kiliingia dirishani. Alikuwa Fundi Viatu, misumari mdomoni, mkono mfukoni. Alipapasa mahali kamba ilipokuwa, akaurudisha mkono.

"Bibi, hujambo."

"Sijambo. Sigara sina."

"Nani kaomba sigara? Nimepunguza. Nimeleta simu. Imekufa kabisa. Tangu asubuhi haiwaki."

"Basi kaa, ingoje."

Alikaa kwenye benchi haraka, kama mtu anayeogopa litaondolewa. Bibi alichomeka waya. Kioo cha simu kiliwaka. Alikitazama, akakisogeza karibu na macho, akakitazama tena.

"Fundi."

"Naam, Bibi."

"Simu hii imejaa chaji."

Fundi alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akiipanga kiganjani. Alivitazama viatu vyake kama vya mteja.

"Labda," alisema, "imejaa njiani."