Vijiko Sita vya Brekke

Jumamosi hiyo maktaba ya Vasslia ilikuwa inagawa vitabu vya zamani, na mji mzima ulikuwa umejazana humo na makoti yao ya mvua. Ragnfrid Solbakken alikwenda moja kwa moja kwenye kile alichokitaka: kitabu cha mashamba, kinachoeleza nani aliishi shamba gani la bonde, na lini. Akakishika. Mkono mwingine nao ukakishika.

"Samahani dada, mimi ndiye niliyekiona kwanza."

"Umekiona. Mimi nimekishika."

Mwanamume akacheka. Sweta yake ya sufu ilikuwa imetoboka kiwikoni, na nywele zake zilinukia mbao mbichi. "Basi kiwe nusu kwa nusu. Njoo tunywe kahawa, tugawane vizuri. Naitwa Eivind. Eivind Brekke."

Moyo wa Ragnfrid uliokuwa umeanza kuyeyuka ukaganda papo hapo. Brekke! Jina hilo alilinyonya na maziwa. Mwaka 1891 bwana wa shamba la Brekke alimwita mtumishi wake Gunhild, bibi wa bibi yake Ragnfrid, mwizi wa vijiko sita vya fedha, akamfukuza kwenye theluji ya Januari. Theluji ilipoyeyuka vijiko vikaonekana nyuma ya kabati, na hakuna aliyefungua mdomo kumwomba radhi. Bibi yake alikufa akilidai neno hilo moja.

"Kitabu kaa nacho," Ragnfrid akasema kwa sauti ya asali. "Kahawa nakunywa."

Alikusudia kumpendeza mpaka anase, kisha amwaibishe mbele za watu. Kazi ya kumnasa ilikuwa nyepesi. Kazi ngumu ilikuwa kutonasa mwenyewe, maana Eivind alibusu vizuri, hata pale nyuma ya rafu ya vitabu vya kilimo, na kwa wiki tatu alipiga simu kila jioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe je, fundi wangu wa sweta mbovu?"

"Sweta hii inasubiri mwenye huruma aishone. Sikiliza, kabla ya Alhamisi kuna ukurasa nataka tuusome pamoja."

"Baada ya Alhamisi, mpenzi."

Alhamisi ilikuwa siku ya wapenda historia kukutana maktabani, kila mmoja asimulie wazee wake. Ragnfrid alivaa gauni jekundu na bizimu ya marehemu bibi. Eivind alikaa mbele, shati jeupe limepigwa pasi, kitabu magotini, akiwa na sahani ya mikate laini yenye jibini la kahawia.

Ragnfrid alisimulia yote, sauti ikipanda. Mwisho akanyoosha kidole. "Watu wa Brekke hawajaomba radhi mpaka leo. Mmoja wao huyo hapo, anakula! Kubusu anajua. Kuomba radhi hakufundishwa."

Eivind akainuka, uso mweupe kama shati lake.

"Namwomba radhi Gunhild," akasema taratibu. Akatoka, kitabu akakiacha kitini.

Raha iliyoje! Ragnfrid aliionja mpaka kisogoni. Kisha akakichukua kile kitabu, maana nusu yake ilikuwa haki yake, akakuta karatasi imewekwa katikati kuonyesha ukurasa.

*Ole, bwana wa Brekke tangu 1880, aliuza shamba mwaka 1893, akahamia Solbakken, akachukua jina la shamba. Mwaka 1904 Brekke ilinunuliwa na Anders, mgeni kutoka ng'ambo ya mlima, naye akachukua jina la shamba.*

Kila mtoto wa bonde lile anajua kwamba zamani jina lilikuwa la ardhi, si la damu. Ukihama shamba, jina unaliacha hapo. Ragnfrid naye alijua. Ila hasira ilikuwa imemfumba macho. Eivind alikuwa wa ukoo wa Anders, yule mgeni; Ole Solbakken alikuwa babu wa babu yake Ragnfrid, upande wa baba. Bibi mwenyewe alicheza kwenye harusi ya binti yake, mama wa Ragnfrid, na kijana wa Solbakken, bila kujua anacheza na nani.

Akampigia Eivind simu. "Ulijua kwamba Ole ni mzee wangu?"

"Wiki mbili sasa."

"Kwa nini hukusema pale?"

"Mbele za watu? Nikufanyie ulivyonifanyia?"

"Lakini ukaomba radhi kwa kosa lisilo lako!"

"Bibi yako alisubiri sana, Ragnfrid. Nikaona bora mtu amwombe."

Akashindwa kujizuia, akalia. "Rudi ndani. Tafadhali."

Alipomwona mlangoni, akasimama tena mbele. "Jamani, sijamaliza. Aliyemfukuza Gunhild aliitwa baadaye Ole Solbakken. Ni mzee wangu mimi. Namwomba Gunhild radhi, kwa damu yangu. Nawe Eivind, nimekuonea. Nakuomba radhi, na nakupenda, na hilo la pili lilikuwa kweli hata nilipokuwa nakudanganya."

Eivind akapita katikati ya viti mpaka mbele. Mkutubi alishika birika bila kumimina.

"Kusamehe kutanichukua siku," Eivind akasema. "Njoo Jumamosi na kitabu. Safari hii tukisome chote." Kisha akavua koti, akanyoosha kiwiko kilichotoboka cha ile sweta aliyoivaa huko nje juu ya shati. "Na uje na sindano."