Dawa Aliyoiita Maji

Malaba, malori yalikuwa yamefunga barabara tangu asubuhi. Katikati ya honi na wauza mayai, Leonida alikwama juu ya bodaboda, gauni lake la manjano limejaa vumbi, kisanduku cha barafu mapajani.

"Boss, nipishe! Nina dawa ya watoto hapa!"

Omoding, wakala wa kupitisha mizigo mpakani, aligeuka. Lo! Mwanamume aliyezoea kuwafokea madereva kutwa akatabasamu. Aliamuru malori mawili yasogezwe, akampisha.

"Na mimi nitapata dawa gani, dada?"

"Unaumwa nini?"

"Bado sijui. Imenianza sasa hivi."

Leonida akacheka, na namba ya simu akatoa.

Walipozoeana, Omoding alimweleza habari za bintiye Asekenye, aliyefiwa na mama. Mtoto huyo misuli ilimlegea tangu uchanga, haketi bila kushikwa. Kumbe Leonida alikuwa nesi wa majaribio ya dawa ya ugonjwa huohuo, kule Busia. Asekenye akapimwa, akakubaliwa. Mapenzi yalipokolea, Leonida alimwachia nesi mwenzake amhudumie mtoto, ili mambo ya moyo yasiingilie kazi.

Wazazi waliambiwa wazi: nusu ya watoto watapewa dawa yenyewe, nusu maji yenye ladha ileile. Nani anapewa nini, hakuna wa kujua pale kituoni mpaka majaribio yaishe.

Sasa kamwambie hivyo mtu wa Malaba! Mtu ambaye tangu azaliwe ameona kila kontena lina mwenye kulifungua, mradi umjue.

Miezi ikapita. Mtoto mmoja wa kijiji cha Kocholia, aliyekuwa kwenye majaribio hayohayo, akaanza kuketi. Asekenye, wapi! Palepale. Omoding akapiga simu.

"Lee wangu, niambie tu. Wangu anapewa maji?"

"Sijui, mpenzi."

"Hujui ama hutaki kusema?"

"Sijui! Hata daktari hajui."

"Wewe ni mwongo, Leonida. Unaniita mpenzi na mtoto wangu mnamnywesha maji!"

"Nichukie mimi, Omoding. Lakini mtoto usimtoe. Nakuomba."

Alimtoa wiki ileile, na simu za Leonida hakuzishika tena. Kabla mwaka haujaisha, Asekenye hakuweza kuinua kikombe, na uji ukawa unampalia.

Majaribio yalipofungwa, Leonida alikuja mwenyewe Malaba. Alikuwa amekonda.

"Alikuwa anapewa dawa yenyewe," alisema.

"Lakini hakuwa anapona!"

"Hakuwa anazidi kuugua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya dawa, Baba Asekenye."

Omoding akaketi juu ya tairi kuukuu. Alitafuta wa kumlaumu, akakosa. Ni yeye aliyemtoa mtoto, kwa mkono wake mwenyewe.

"Lee, nimekosa. Bado nakupenda. Nikuoe, tumlee pamoja."

Leonida alimshika shavu. Alimpenda bado, na hakuficha.

"Nilikuambia sijui, ukaniita mwongo. Ndoa ina 'sijui' nyingi kuliko kazi yangu, mpenzi."

"Basi nipe nafasi nyingine."

"Watoto wote wa majaribio sasa wanapewa dawa yenyewe. Nafasi ya Asekenye nitaiomba kesho asubuhi, nipige magoti ikibidi. Ya kwako usiingojee."

Akapanda bodaboda, akaenda. Omoding alilia mbele ya madereva, bila haya.