Bakuli la Dang'a

Kwenye ukuta wa ukumbi palionekana tumbo la kupe, kubwa kuliko lango la zizi. Darubini-tumbo, kamera ndogo kuliko chembe ya unga, ilikuwa imemezwa na kupe pamoja na damu ya ng'ombe, na sasa iliwaonyesha wafugaji wa mji wa Isangati Mpya yaliyokuwa yakitendeka humo ndani.

"Kupe haishi peke yake," alieleza Dk. Zaina Shekiondo. "Tumboni ana bakteria wanaomsaidia kuishi. Tukimchanja ng'ombe, damu yake inatengeneza kingamwili dhidi ya bakteria hao. Kupe anazinyonya, tumbo linavurugika, na vimelea vya ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe wetu, vinakosa pa kukaa. Kupe anabaki hai, lakini haambukizi."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Dk. Gwantwa naye alipiga, ya kuonwa na watu tu. Yeye ndiye aliyempokea Zaina maabara, akamfundisha hata namna ya kumshika kupe kwa koleo. Roboti za kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, kazi ya ujana wake wote, zilikuwa zimetupwa stoo kwa sababu chanjo ya Zaina ilifanya josho lisihitajike tena. Ulikuwa wivu, na Gwantwa hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Kila Zaina aliposifiwa, yeye alikosa hamu ya kula.

Jumamosi moja asubuhi jirani yake, Mama Lugano, alibisha hodi akiwa na bakuli lililofunikwa. Mjane huyu alifuga ng'ombe kwenye zizi la ghorofa, ambako mashine ziitwazo wakamuzi zilifanya kazi yote na kutii kila zilichoambiwa.

"Ng'ombe wangu kazaa, mwanangu. Nimekuletea dang'a."

Ndiyo desturi ya Isangati Mpya. Ng'ombe akizaa, maziwa yake ya kwanza, mazito na ya manjano, hupikwa na kugawiwa majirani. Asiyegawa huitwa mchoyo mpaka anazikwa.

Kijiko kilikuwa mdomoni Gwantwa alipong'amua. Ndama hazaliwi na kingamwili za mama yake. Huzipata kwenye dang'a. Hesabu zote za Zaina zilidhani kila ndama amenyonya dang'a. Zaina alikulia Tanga mjini, hakujua desturi hii na hakuwa ameuliza. Sasa josho hakuna, na dang'a imekamuliwa yote, iko kwenye mabakuli ya majirani. Kupe atakayemnyonya ndama huyu atabaki na tumbo lake zima, na ugonjwa wake.

"Mbona umesita? Haina sukari?"

"Ni tamu, Mama."

Akaila yote. Alijiambia kwamba atasema, ila Zaina aaibike kwanza kidogo. Ndama mmoja akikohoa, atasema.

Wakakohoa wengi. Gwantwa alisikia, akajipa siku nyingine, na nyingine tena. Kisha Zaina akamjia ofisini, macho mekundu.

"Dada Gwantwa, ndama wanakufa. Nimekagua chanjo, nimekagua kupe, sioni kosa langu. Nisaidie, tafadhali."

Gwantwa alifurahi. Ni aibu kulisema, lakini alifurahi kweli, na furaha hiyo alikwenda nayo hadi zizini kwa jirani yake.

Humo alimkuta Mama Lugano ameketi chini, kichwa cha ndama mapajani. Tezi zilikuwa zimevimba chini ya masikio na pumzi ilikuwa imekwisha.

"Nilimwita Subira," Mama Lugano alisema. "Ng'ombe wa marehemu mume wangu hana uzao mwingine. Ameshazeeka, hazai tena."

Hapo ndipo Gwantwa aliposema habari ya dang'a, kana kwamba ndiyo kwanza ameigundua. Siku hiyohiyo wakamuzi waliamriwa dang'a iende kwanza kwa ndama, majirani baadaye, na ndama waliozaliwa tangu hapo wakapona. Wiki chache baadaye uso wa Gwantwa uliwekwa kwenye ule ukuta mkubwa wa ukumbini. Zaina alimkumbatia mbele ya watu wote.

"Ungechelewa kidogo tu, dada, zizi zima lingekwisha."

Makofi aliyoyatamani yakapigwa, na hakuyasikia vizuri.

Keshoye Mama Lugano alibisha hodi tena, bakuli mkononi.

"Nilikuwa nimegandisha kidogo, ya mama yake Subira. Haitapatikana nyingine. Nikasema aile aliyewaokoa wenzake."

Gwantwa alilipokea bakuli. Alichota, akafikisha kijiko mdomoni, akasita, akakirudisha bakulini.

Mama Lugano alimtazama.

"Hata siku ile ulisita hivihivi," alisema taratibu. "Mimi nikadhani haina sukari."

Gwantwa aliinamisha uso.

Mama Lugano alinyoosha mikono yote miwili, akachukua bakuli lake, akalifunika, na kushuka nalo ngazi.