Mzunguko Usiofungwa

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi saa, mchana kweupe. Mjane wa dereva wa mbio za magari alimletea saa ya kubonyeza aliyokuwa akimpimia mumewe muda wa kila mzunguko. Mumewe aliungulia garini, na wenzake wakazidi kumpita kwa kasi, maana enzi zile mbio hazikusimamishwa kwa ajili ya maiti.

“Nibonyezee isimame, mwanangu,” mjane akamwambia. “ Mzunguko ule sijaufunga mpaka leo. Mkono unakataa.”

Fundi akaifungua, akacheka. “Springi yenyewe haimo, mama! Haiwezi kwenda wala kusimama.” Lakini akamhurumia, akabonyeza. “Basi, mama. Amefika.”

Mngurumo wa gari ukaja mbio kutoka mbali, ukakatika mlangoni. Nje hapakuwa na kitu. Kisha, ndani ya ile saa tupu, mwanamume akaanza kuomba afunguliwe mkanda wa kiti.