Kasha Linalopumua

Kila asubuhi Normand Bilodeau alikunywa kahawa yake akiwa amesimama dirishani. Alitazama miti yake ya mepo. Ilipanda na kilima kwenye theluji, mti kwa mti, imeunganishwa kwa mirija ya plastiki ya buluu. Babu yake alivuna maji matamu ya miti hiyo na kuyachemsha yawe shira. Baba yake vilevile. Sasa ilikuwa zamu yake, na mguu wake ulikuwa haumtii.

Msimu uliopita aliteleza bondeni akavunjika kifundo cha mguu. Alikuwa akitafuta tundu. Mirija ile hufyonzwa na pampu, na hewa ikipenya mahali padogo tu, maji yanayofika kwenye kibanda cha kuchemshia yanapungua. Lazima mtu afuate mrija mmoja mmoja msituni, akitega sikio.

Binti yake Josiane alitaka kummalizia taabu hiyo. Alibuni kifaa kidogo cha umeme cha kufunga kwenye mti. Kilipima nguvu ya pampu na kutuma habari kwenye simu. Mezani kilifanya kazi vizuri. Msituni vyote vilikufa, kimoja baada ya kingine, kabla msimu haujafika katikati.

"Mwaka huu ndio wa mwisho," Normand alisema bila kugeuka. "Vikifa tena, namuuzia Yvan msitu. Mimi si mbuzi wa kupanda na kushuka mabonde."

"Havitakufa, baba."

"Ndivyo ulivyosema mwaka jana."

"Mwaka jana nilikosea. Sasa sikosei."

Josiane alisema hivyo kwa sauti kavu, lakini moyo ulimuuma. Alimjua baba yake. Bila msitu ule angekaa dirishani hapo mpaka azeeke ghafla.

Mlango ulifunguliwa. Aliingia Ghislaine na sufuria ya supu ya njegere. Huyu alikuwa dada wa marehemu mke wa Normand, na nyumba yake ilikuwa ya jirani. Kabla ya kustaafu alikuwa mnunuzi wa vipuri katika kiwanda cha pikipiki za theluji. Alikuwa hodari, na alijua kwamba ni hodari.

"Shemeji, bado unapiga picha na dirisha?" aliuliza. Kisha akaona kasha mezani. "Na hili bakuli lililopinda ni nini?"

"Ni kasha la kifaa changu, mama mdogo," Josiane alisema. "Nililichapa hapa nyumbani kwa mashine yangu. Jua lililipinda. Mwaka huu nataka kiwanda kinichongee kalibu, wamwage plastiki humo wanipe makasha mazuri."

Ghislaine aliweka sufuria chini. "Kalibu ya chuma unaijua bei yake? Ni pikapu mpya, mwanangu. Anayetengeneza makasha laki moja anaiweza. Wewe unataka mangapi?"

"Sitini. Yetu, na ya majirani walioomba."

"Kwa sitini huchongi kalibu. Unanunua makasha yaliyo tayari, unayatoboa unavyotaka."

"Nimetafuta. Bodi ya saketi ya kifaa changu haiingii kwenye lolote."

"Bodi umeshaagiza?"

"Bado. Nimeichora tu."

"Basi umenusurika. Unashona koti kabla ya kumpima mvaaji. Chagua kasha kwanza, halafu chora bodi ya kuingia humo. Washa kompyuta yako."

Wakakaa. Ghislaine alimwonyesha michoro ya viwanda. "Usitazame kipimo cha nje, tazama cha ndani. Unaona hizi nguzo za skrubu kwenye pembe? Zinakula nafasi. Ndizo zinazoizuia bodi yako kuingia."

"Chukua la chuma, mambo yaishe," Normand alisema akiwa bado dirishani.

"Chuma kinazuia mawimbi ya redio, shemeji. Kifaa kitapiga kelele humo ndani na simu isisikie neno. Kama wewe ukiitwa kuosha vyombo."

Normand alificha tabasamu kwenye kikombe.

"Sasa usinunue sitini kwa picha," Ghislaine aliendelea. "Omba sampuli, moja moja, kwa wauzaji watatu. Na uwaulize kama kasha hilo wanalo ghalani, na kama wataendelea kulitengeneza. Hutaki kuanza upya mwakani."

Sampuli zilipofika, Josiane aliziacha nje kwenye baridi kali. Kulipokucha alizipiga nyundo palepale kwenye theluji. Mbili zilipasuka. La tatu lilikuwa la polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kwa baridi. Nyundo iliruka, kasha likabaki zima. Alilirudisha ndani akaipima nafasi yake, akachora bodi upya, pembe zake zimekatwa kupisha nguzo.

Muuzaji wa kasha hilo alikuwa na huduma ya kutoboa. Josiane alimtumia mchoro wa matundu.

"Atoboe mawili kwanza," Ghislaine alimwonya. "Uyashike mkononi, ufunge kifaa chako, uridhike. Ndipo umruhusu atoboe yote."

Makasha mawili yalipokuja, Normand aliyageuza mkononi. Uso wake ukabadilika.

"Tundu la waya naliona, liko chini. Hili jingine la ubavuni la nini?"

"La kupumulia," Ghislaine alisema.

"La kupumulia." Normand aliliweka kasha mezani polepole. "Maisha yangu yote naziba matundu. Baba yangu alikuwa anaziba matundu. Nawe unamfundisha binti yangu kwenda kutundika tundu msituni?"

"Kasha la mwaka jana uliliziba wewe?"

"Kwa mkono wangu. Gundi ya silikoni kila upande."

Josiane alileta kasha moja la mwaka jana. Alikata silikoni yake kwa kisu akalifungua. Maji yalimwagika mezani, na bodi ilikuwa imeota kutu ya kijani.

"Yalipita wapi?" Ghislaine aliuliza.

"Si kwangu. Mimi siachi upenyo."

"Nakubali. Hebu tia waya, uzibe hili moja jipya, tundu la ubavuni pia. La pili ziba penye waya tu, na tundu la ubavuni tulitie kipumulio, hiki kizibo kidogo."

Normand aliziba kwa ukaidi, taratibu, kama anayefunga kidonda. Silikoni ilipokauka waliyaweka makasha yote mawili karibu na jiko mpaka yakapata moto. Kisha Josiane aliyatia katika beseni la maji ya theluji. Ncha za waya na sehemu za chini za makasha zilikuwa ndani ya maji. Kipumulio kilibaki juu. Wakanywa supu.

Baada ya kula, Josiane alifungua lenye kipumulio. Kavu. Akafungua la Normand. Ndani kulikuwa na maji.

Normand alipitisha kidole kwenye silikoni yake, mzunguko mzima. Haikuwa na kasoro hata moja.

"Yamepita ndani ya waya," Ghislaine alisema, safari hii bila mzaha. "Katikati ya nyuzi zake. Niambie, shemeji, miti yako inatoa maji kwa sababu gani?"

"Usiku inaganda, inavuta. Mchana inayeyuka, inasukuma. Kila mtoto hapa anajua."

"Na kasha lako linafanya hivyohivyo. Mchana jua linaipasha hewa ya ndani, inajitanua. Usiku inasinyaa, inavuta. Ukiliziba kila mahali, litavuta maji kupitia njia yoyote iliyobaki. Kipumulio kina utando ndani yake. Hewa inapita, maji hayapiti. Kasha likipumua, halina haja ya kuvuta."

Normand alikaa kitini. "Kwa hiyo vile vya mwaka jana niliviua mimi."

"Na mimi nilikushikia tochi," Josiane alisema. "Baba, naagiza yote sitini. Yenye tundu."

Mzee aliitazama miti dirishani, kisha akamtazama binti yake. "Agiza."

Machi maji yalianza kutiririka. Makasha yalining'inia kwenye miti, waya zikitazama chini. Theluji ilianguka, ikayeyuka, ikaganda tena. Kila asubuhi Josiane alitazama simu. Vifaa vyote vilikuwa hai.

Siku moja simu ililia wakati wa kifungua kinywa. "Mrija wa bondeni, baba. Karibu na mti uliopigwa radi."

Normand alivaa viatu vyake vya theluji akaenda moja kwa moja. Kindi alikuwa ameutafuna mrija. Akaukata, akauunga, akarudi. Mezani mayai yake ya kifungua kinywa yalikuwa bado yana joto.

Wiki hiyohiyo Yvan alikuja kuulizia msitu. Alikuwa jirani mwenye miti mingi na subira nyingi. Walisimama na Normand kwenye mti wa kwanza, na Yvan akaliinamia kasha.

"Vijana hawa hawako makini," alisema. "Wameacha tundu hapa ubavuni. Ninayo silikoni kwenye gari, ngoja nikuzibie."

"Toa mkono wako hapo," Normand alisema.

"Maji yataingia, bwana."

"Hayaingii. Hilo linapumua." Alilipangusa theluji kwa kidole gumba, kisha akaelekea kibandani, ambako mvuke ulikuwa ukipanda. "Njoo uonje shira, Yvan. Halafu ukatafute msitu mwingine."